Azam ya 2004 ina uwanja wake. Simba na Yanga mna karibu miaka 90, viwanja viko wapi?

#1 Mzee wa Mzunguko
Wakuu, salaam.

Jana nimetoka uwanja wa Mkapa nimesimama kwenye daladala mpaka Buguruni, na njia nzima swali moja lilikuwa linanitekenya. Yanga ni ya 1935. Simba ni ya 1936. Azam wameanza 2004 kama timu ya wafanyakazi, wakapanda Ligi Kuu 2008, na leo wana Chamazi yao yenye majukwaa, taa na kila kitu. Mtibwa wana Manungu katikati ya mashamba ya miwa. JKT wana Isamuhyo pale Mbweni. Hata manispaa ya Kinondoni ina KMC Complex.

Sisi tunaojiita wenye nchi, tunaojaza watu 60,000, tuna nini? Yanga wana Kaunda pale Jangwani, mvua ikinyesha inageuka bwawa. Simba wana Bunju, pa kufanyia mazoezi. Siku ya mechi wote tunapiga hodi kwa watu.

Naomba tusijibizane kwa ushabiki. Tatizo ni nini hasa?

#2 Kandambili Halisi
"Tusijibizane kwa ushabiki", halafu mstari wa juu yake Kaunda ni bwawa. Tumeshakujua, mkia wewe wa Simba.

#3 Mnyama wa Manzese
Bwawa ni haki yao Yanga, chura akakae wapi? Nimekaa paleee, nasubiri wenye akili waje.

#4 Mkaguzi Hesabu
Mleta uzi, jibu ni hesabu, wala halihitaji povu.

Uwanja mpya wa Arusha wa AFCON 2027, wa watu 30,000, mkataba wake ni kama shilingi bilioni 286. Chukua huo uwe kipimo. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo una mechi 15 za nyumbani. Sasa nakupendelea: nasema kila mechi, hata ile ya Jumatano saa kumi jioni na timu ya mkiani, unaingiza watu 15,000 na kila mmoja analipa 7,000. Hiyo ni milioni 105 kwa mechi, bilioni 1.575 kwa msimu. Gawanya. Unalipa deni kwa miaka 181 na ushee, bila kumpa mchezaji hata nauli ya bajaji.

Ndiyo maana hakuna uwanja. Mapato ya mlangoni ya hapa kwetu hayajengi hata ukuta.

#5 Mlipa Kodi
Mkaguzi, hesabu yako ni tamu ila umemsahau mwenyewe. Kiingilio kina VAT ndani, asilimia 18. Ile 7,000 ukiitoa inabaki 5,932. Rudia: msimu mzima ni bilioni 1.33. Miaka 214.

Na hapo sijagusa makato mengine ya mchezo.

#6 Mnyama wa Manzese
Miaka 214! Aisee, kitukuu cha kitukuu changu ndiye atakata utepe.

#7 Binti Gerezani
Nyie wanaume mnahesabu viti tu. Mimi nina fremu Kariakoo, nauza vitenge na mashuka, na niwaambie kitu: uwanja ukiujenga pale, viti ni ziada, biashara ni fremu za chini ya jukwaa. Zungusha fremu 200 kuizunguka ile nyasi. Mnajua kodi ya Mtaa wa Kongo au Aggrey? Mnajua kilemba, ile hela ya kupewa fremu? Kuna watu wanalipa kilemba kabla hata ya kuona mlango. Unawakusanya kwanza wafanyabiashara, wanalipa kodi ya miaka mitano mbele, unajengea. Nyumba ngapi za ghorofa Kariakoo zimejengwa hivyo hivyo?

Mechi ni mara 15 kwa mwaka. Kariakoo inauza siku zote, mpaka Jumapili.

#8 Mkaguzi Hesabu
Dada una hoja. Hapo kweli nilipitiwa. Ila fremu zinataka watu wapite, na hao wa Jangwani mvua ikinyesha wanapita kwa mtumbwi.

#9 Kandambili Halisi
Mnarudi palepale. Nikisema mnaanza nyie, naambiwa mkali.

#10 Mpima Viwanja
Nimefanya kazi ya upimaji ardhi muda mrefu, niongeze langu.

Eneo la kuchezea peke yake, mita 105 kwa 68, ni mita za mraba 7,140. Hiyo ni karibu ekari mbili, na hujaweka benchi la akiba. Weka pembezoni, majukwaa, njia za kutokea watu kukiwa na hatari, magari ya wagonjwa, maegesho. Sasa nenda kasimame makutano ya Twiga na Jangwani uangalie kilichopo. Ndiyo maana 2012, enzi za Manji, Yanga walipoingia makubaliano na Beijing Construction Engineering Group, kampuni ileile iliyojenga Taifa, ndiyo Mkapa ya leo, jambo la kwanza lililowakwamisha halikuwa saruji. Ilikuwa kuongezewa eneo. Kaunda haitoshi, na pembeni yake ni bonde.

Pili, ambalo watu hawalisemi: mali ya klabu ya wanachama iko chini ya bodi ya wadhamini. Ukienda benki kuomba mabilioni, afisa mikopo atauliza nani anasaini, na wakishindwa kulipa ananadi nini? Anadi jengo la Jangwani? Anadi jengo la Simba pale Msimbazi? Huyo afisa atalala wapi usiku huo?

Azam hana tatizo hilo. Mwenye kampuni anasaini, yamekwisha.

#11 Kandambili Halisi
Mpima umeeleza vizuri kuliko viongozi wetu wote. Ila ongeza na Gezaulole. Baada ya Jangwani kukwama, enzi hizohizo za Manji tukaletewa habari ya eneo Gezaulole, Kigamboni. Nilivuka na pantoni na wenzangu watatu kwenda kupaona. Tukapiga picha, tukanywa madafu, tukarudi. Picha ninayo mpaka leo. Uwanja ndio sina.

#12 Mnyama wa Manzese
Kumbe madafu ndiyo yalikuwa jiwe la msingi 😂

#13 Kandambili Halisi
Cheka tu. Nyie nyasi zenu bandia zilikaa bandarini miaka mpaka zikataka kuota. Nyasi bandia! Mngeziacha kidogo zingetoa maua.

#14 Nondo 16
Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu, leo nimeshindwa.

Nilikuwa fundi nondo pale Taifa wakati unajengwa, kabla ya kufunguliwa 2007. Kijana wa miaka 22, natoka Keko kwa miguu. Kwa hiyo mnaposema Jangwani haijengeki kwa sababu ya maji, mimi nasema hapana. Hakuna ardhi isiyojengeka, kuna ardhi ya bei. Ukikuta udongo laini unachimba nguzo mpaka ukutane na mgumu. Kama mgumu uko chini sana, nguzo inakuwa ndefu, nondo inaongezeka, zege linaongezeka. Kila mita unayoshuka ni hela inayozikwa, na hakuna shabiki atakayeiona. Shabiki anaona paa.

Maji ya Msimbazi nayo hayatoki Jangwani. Yanatoka juu, vilima vya Pugu na Kisarawe, yanateremka na takataka za mji mzima. Desemba 2011 mnakumbuka, watu walikaa juu ya mapaa, waliobaki bila makazi wakahamishiwa Mabwepande. Ukijenga uwanja ukainua kwa kifusi bila kuyapa maji njia, uwanja utabaki mkavu na Kigogo itazama. Kwa hiyo uwanja wa Jangwani unategemea bonde zima kurekebishwa kwanza, lile daraja liinuliwe na mto uchimbwe. Ule mradi wa Bonde la Msimbazi wa Benki ya Dunia ndio ufunguo. Ukikamilika, Yanga watapata bure kazi ambayo klabu haiwezi kuilipia.

#15 Binti Gerezani
Nondo 16 asante, hii ndiyo faida ya kusoma kimya kimya. Swali la pembeni: siku ya ufunguzi ulikaa jukwaa gani?

#16 Msafiri wa Mersey
Niko Liverpool mwaka wa kumi na moja, nakazia hoja ya Nondo.

Everton wamehama Goodison Park, walikokuwa tangu 1892, wakaingia uwanja mpya Agosti 2025, watu zaidi ya 52,000. Mnajua umejengwa wapi? Ndani ya gati. Gati la meli kabisa, Bramley-Moore. Waliziba, wakaleta meli zinazochota mchanga baharini, wakamwaga karibu mita za ujazo nusu milioni. Nilikuwa napita na baiskeli naona maji, baada ya miezi naona kama jangwa, baada ya miaka nikaona paa.

Lakini msishangilie haraka. Mwenye timu aliyeanzisha ujenzi, Moshiri, aliuza klabu Desemba 2024 kabla uwanja haujafunguliwa. Na msimu wa 2023/24 walikatwa pointi nane kwa kuvuka kiwango cha hasara kinachoruhusiwa, na sehemu ya mabishano ilikuwa riba ya mikopo ya ujenzi. Uwanja karibu uwashushe daraja. Nawauliza: siku Yanga au Simba iko nafasi ya 15 kwa sababu hela iko kwenye zege, nani kati yenu atavumilia?

#17 Mnyama wa Manzese
Everton hao hao waliokuja kwetu Julai 2017 kucheza na Gor Mahia ya Kenya? Nilikuwepo! Rooney alipiga lile shuti la mbali, uwanja mzima ukasahau kama Gor ndiyo ya Afrika Mashariki.

Na usisahau sisi zamani tuliitwa Sunderland. Sunderland wenyewe walihama Roker Park 1997 wakajenga. Jina tulibadilisha 1971, laiti tungebaki nalo huenda lingetuletea na uwanja.

#18 Ingwe Damu
Hamjambo majirani. Hiyo mechi ya Rooney bado inaniuma, na mimi hata si wa Gor.

Niwape pole kwa takwimu ya kwetu. Gor Mahia wamechukua ligi zaidi ya mara 20. AFC Leopards wangu, Ingwe, tuko tangu 1964. Uwanja? Sufuri. Tumezunguka Nyayo, Kasarani, City Stadium, Dandora, Machakos, kama watoto wa shule waliofukuzwa karo. Sasa serikali inajenga Talanta pale Barabara ya Ngong, viti 60,000, kwa hati fungani. Utapendeza sana. Na siku ukiisha, Ingwe atakuwa mpangaji tena, mpangaji wa nyumba nzuri zaidi.

Uganda ndiko mtu amethubutu. Vipers wana St Mary's pale Kitende, wa mtu binafsi, mpaka timu ya taifa ikawa inauazima wakati Namboole, uwanja wa taifa, umefungwa kwa ukarabati. Nchi inaazima kwa klabu! Huku kwetu na kwenu ni kinyume.

#19 Mutoto wa Kamalondo
Jambo bandugu. Miye niko mutu wa Lubumbashi, munisamehe Kiswahili yangu, ile ya Dar iko nguvu.

Siye TP Mazembe tuko na stade yetu mu Kamalondo tangu 2011, bantu zaidi ya 18,000, haiko ya serikali. Mbele tulikuwa tunachezea ku Kibasa Maliba. Sababu gani tulijenga? Katumbi, mwenye timu, iko na makuta, alisema tujenge, tukajenga. Hapana mukutano, hapana uchaguzi, hapana mutu wa kusema "nani alisaini".

Lakini musitamani sana. Mu 2016 Katumbi alipoenda inje ya inchi juu ya siasa, siye bote tulilala macho wazi. Stade ya mutu moja ni muzuri mupaka siku mutu moja anapata shida.

Na Simba bananijua. Aprili 2019, mabao ine. 4-1. Salimieni Samatta.

#20 Kandambili Halisi
Kiswahili chako kitamu kuliko cha wasemaji wetu wa klabu. Na hizo nne kwa Simba nazipokea kwa niaba ya Wananchi. Ila usisahau Januari 2025, tuliwapiga tatu kwa moja hapa hapa Dar.

#21 Mutoto wa Kamalondo
Mulitupigia mu stade ya serikali 😂

#22 Mzee wa Mzunguko
Amekumaliza huyo.

Turudi kwenye mada. Kwa nini uwanja wako mwenyewe ni muhimu? Mei 2025, Simba imefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, jambo ambalo kizazi changu kililingoja. Mechi ya marudiano na Berkane ya Morocco ilitakiwa iwe Kwa Mkapa. Nyasi zikaonekana hazifai baada ya mvua, tukapelekwa Amaan, Zanzibar. Nawaheshimu sana Wazanzibari, walitupokea vizuri, lakini tulitoka kwenye sauti ya watu 60,000 tukaenda kwenye uwanja ambao hauchukui hata theluthi yake. Sare ya 1-1, kombe likaondoka kwa jumla ya 3-1.

Nilikuwa nimeshanunua jezi mpya. Tungekuwa na uwanja wetu, nyasi zetu tungezilinda kwa mwavuli.

#23 Mkaguzi Hesabu
Pole mzee. Ila hapo unachanganya nyasi na umiliki. Anayemiliki uwanja ananyeshewa na mvua ileile.

Na hili la "klabu kubwa lazima iwe na uwanja" tulipunguze. Al Ahly wana makombe mengi ya Afrika kuliko yeyote, na nyumbani kwao miaka mingi ni Uwanja wa Kimataifa wa Cairo. Wydad na Raja wote wako Mohammed V, mali ya jiji la Casablanca. Espérance wako Radès. Kaizer Chiefs wanajaza FNB, sio wao. Ulaya, Milan na Inter wamepanga San Siro kwa jiji la Milano miaka mingi, mpaka baraza la jiji lilipopiga kura ya kuwauzia Septemba 2025, na hapo wamenunua ili waubomoe wajenge mwingine.

Upangaji si aibu. Aibu ni mkataba mbovu wa upangaji: unajaza uwanja, soda na maji anauza mwingine, mabango si yako, maegesho si yako.

#24 Mpima Viwanja
Naongeza mfano wa kutisha: Valencia. Nou Mestalla walianza kujenga 2007, wakasimama Februari 2009 hela ilipokata, likabaki gofu la zege katikati ya mji. Wamerudi kazini Januari 2025. Mtoto aliyezaliwa siku walipoanza ana ndevu.

Halafu Arsenal. Wameingia Emirates 2006. Kombe la FA la 2005, baada ya hapo hakuna kombe kubwa mpaka 2014. Miaka tisa! Na Highbury wakaigeuza nyumba za kuuza. Huku kwetu miezi tisa kocha ameshafukuzwa mara mbili.

#25 Mchangiaji Mstaafu
Mimi naona sababu ni moja tu nayo ni imani. Imani ya hela.

Miaka kadhaa nyuma klabu moja, siitaji ni ipi na msinilazimishe, ilitoa namba ya simu tuchangie uwanja. Mimi nikatuma. Nikamshawishi mke wangu akatuma. Kijiwe chetu cha bodaboda watu 17 tukachanga kwa pamoja, kila Ijumaa, wiki sita. Tukaandika daftari. Baada ya hapo kimya. Hatukuambiwa zimefika ngapi, zimekaa akaunti ipi, wala kama hazikutosha tutarudishiwa. Sisemi ziliibiwa. Huenda zipo mpaka leo zinazaa. Nasema hatukuambiwa, na daftari bado liko kwa mwenyekiti wa kijiwe.

Sasa wakija tena na namba, nitume?

#26 Mnyama wa Manzese
Hapa sina utani mkuu. Pole.

#27 Mlipa Kodi
Mchangiaji amegonga msumari. Mapato na matumizi yabandikwe kila mwezi, watu watachanga. Msikiti na kanisa vinajengwa kwa michango hiyohiyo ya watu haohao kwa sababu Ijumaa na Jumapili unasomewa hesabu na unaona tofali limepanda.

#28 Kalumanzila Mstaafu
Mnazunguka mbuyu. Sababu ya kweli hamtaisema.

Timu zetu haziamini hata mlango. Mara ngapi tumesoma faini za timu kupita mlango usio rasmi, kugoma kuingia chumba cha kubadilishia nguo? Sasa ukiwa na uwanja wako, mpinzani ana mwaka mzima wa kujua kona zote ziko wapi. Uwanja wa serikali ni kama mgahawa, hakuna anayejua utakaa meza ipi. Wataalamu hawapendi timu iwe na anwani ya kudumu.

#29 Nondo 16
Kwenye ujenzi tulikuta fuvu la mbuzi, tukasema limetumwa. Baadaye ikajulikana ni la supu ya mafundi wa zamu ya usiku.

#30 Mama Chapati Mbande
Samahani naingilia, nyie mnabishana mimi nakaa nyuma ya uwanja wenyewe. Kutoka kwangu hadi geti la Azam Complex, hiyo Chamazi yenu, ni mwendo wa kusonga ugali.

Kabla ya uwanja kiwanja cha kawaida huku kilikuwa bei ya ng'ombe wawili. Sasa usiulize. Taa zimekuja, lami imekuja, na mimi siku ya mechi nauza chapati 300 badala ya 80. Yanga walipokuwa wanautumia msimu wa 2023/24 nilinunua jokofu. Novemba 2024 wakahama, mauzo yakaporomoka.

Lakini usiku mechi ikiisha saa nne, njooni muone. Daladala za Rangi Tatu zimejaa, bodaboda anataka mara tatu, vijana wanakojoa kwenye ukuta wangu. Ukuta wangu! Nimeandika USIKOJOE HAPA, wakaandika chini yake matokeo ya mechi.

Atakayejenga uwanja afikirie na vyoo vya nje.

#31 Mnyama wa Manzese
Mama, Yanga hawakuhama kwa kupenda. Walifungwa na Azam bao moja, wakafungwa na Tabora United tatu kwa moja, hapohapo kwenu, ndani ya siku chache. Wakafungasha wakaenda KMC. Jokofu lako limeponzwa na Tabora.

#32 Kandambili Halisi
Uzi wa viwanja, mtu analeta Tabora. Kalumanzila alishasema, ile sehemu ilikuwa imezungukwa.

#33 Kalumanzila Mstaafu
Sijasema, lakini sikatai.

#34 Ingwe Damu
Swali kwenu nyote. Mkijenga kila mmoja wake, siku ya dabi itakuwaje? Nimeona Mkapa dabi ni nusu kwa nusu, kijani na njano huku, nyekundu na nyeupe kule. Ile picha hata Nairobi tunaionea wivu. Ukiwa na uwanja wako wa watu 30,000, mgeni utampa tiketi ngapi?

#35 Mzee wa Mzunguko
Sikuwahi kuliwaza hilo. Nikiwa mwenyeji, elfu tatu wanatosha.

#36 Kandambili Halisi
Nasi tutawapa 500, upande wa jua.

#37 Mpima Viwanja
Mmeona? Na kumbukeni 8 Machi 2025. Dabi haikuchezwa siku ile baada ya Simba kusema walizuiwa kufanya mazoezi Kwa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, uwanja ambao si wa Yanga wala Simba. Ikaja kuchezwa 25 Juni. Sasa funguo za geti akiwa nazo mwenyeji mwenyewe itakuwaje?

#38 Kandambili Halisi
Ikachezwa na tukashinda 2-0. Ulisahau kumalizia, nimekusaidia.

#39 Mlipa Kodi
Kuna sababu nyingine, na naomba isigeuzwe siasa. CCM Kirumba, Sokoine Mbeya, Jamhuri Morogoro, Majimaji, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Mkwakwani, vyote vilijengwa enzi ya chama kimoja, wananchi wote wakichanga, wengine walikatwa kwenye mazao. Vyama vingi vilipokuja 1992 vikabaki kwa chama. Kwa hiyo kwa nusu karne tumezoea kwamba uwanja ni kazi ya dola au chama, klabu kazi yake ni kusajili. Wazee wetu walishachanga. Tatizo hawakuandikishwa kwenye hati.

#40 Binti Gerezani
Marehemu babu alikuwa Shinyanga, alisema pamba yake iko kwenye ukuta wa Kambarage. Tulidhani ni maneno ya uzee.

Ila sikubali kwamba ni mazoea tu. Kiongozi wa klabu anakaa miaka minne. Mshambuliaji anamsajili Julai, anapigiwa makofi Agosti. Uwanja anauanza yeye, anaufungua mwingine. Kama yule wa Everton. Nani mjinga?

Nondo 16, hukunijibu.

#41 Mkaguzi Hesabu
Nimekaa nikarudia hesabu kwa njia ya Binti. Uwanja wa watu 12,000 badala ya 30,000, bila paa upande mmoja, fremu zikiuzunguka, mechi ndogo mnacheza hapo, dabi na za Afrika mnabaki Mkapa. Hapo miaka 214 inashuka sana. Sitaji namba maana mtanirushia mawe, ila inakuwa ya binadamu kuishi akaiona.

#42 Mzee wa Mzunguko
Watu 12,000? Simba? Tutagawana kwa zamu kama maji ya DAWASA?

#43 Mkaguzi Hesabu
Mzee, mechi ya mwisho ya ligi uliyokwenda Jumatano uliona watu wangapi? Sema kweli.

#44 Mzee wa Mzunguko
Mvua ilikuwa inanyesha.

#45 Mama Chapati Mbande
Njooni mjenge Mbande, eneo lipo. Ila vyoo kwanza.

#46 Nondo 16
Binti, nilikuwa zamu. Umeuliza nilikaa jukwaa gani siku ya ufunguzi. Sikukaa. Mkataba wetu uliisha kabla, vitambulisho tukarudisha getini. Niliangalia kwenye televisheni kijiweni Keko, watu wanasukumana. Kamera ilipopita jukwaa la kaskazini nikawaambia ile nguzo nimeifunga mimi, wakaniambia nikae chini nawaziba.

Nimeingia mara ya kwanza miaka mitatu baadaye, kwa tiketi.

#47 Mnyama wa Manzese
Fundi, Jumamosi tuna mechi. Tiketi ya mzunguko nakulipia mimi, na chapati juu. Utuoneshe hiyo nguzo. Sharti moja tu, ukae upande wetu.

#48 Nondo 16
Nashukuru sana. Chapati nakuja kula. Upande wenu siwezi kukaa hata unilipie VIP A.